Bundi wa Saruji

Nilipokuwa mtoto, Mpanda mjini, nilijua kumtemea bundi mate kabla sijajua kuandika jina langu. Bundi mwenyewe alikuwa wa saruji, juu ya mlango wa duka moja la enzi za mkoloni, macho yamemtoka. Bibi yangu alisema huyo huita msiba, na dawa yake ni mate. Basi kila aliyepita alitema. Mate ya ugoro yaliteremka ukutani, yakaganda, nzi wakajaa. Mpaka leo ukuta ule unanitia kinyaa.

Ndani aliishi Mama Zuhura, mjane aliyeachiwa nyumba na mumewe. Alikaanga maandazi barazani, na riziki yake ilikuwa hiyo tu. Wateja alikuwa nao, maana maandazi yalikuwa matamu: walitema kwanza, halafu wakanunua. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, alisugua mate yetu kwa majivu.

Siku moja natoka shule, jua kali, damu ya pua ikanitoka pale pale barazani kwake. Akanishika kichwa, akaninawisha, akanipa maji ya kunywa. Kikombe kilikuwa bado mdomoni Bibi alipotokea.

“We mtoto! Maji ya nyumba ya bundi?” Akanitia kidole kooni. “Tapika! Tapika yote!”

“Mwache, mama, mtoto mgonjwa huyo,” Mama Zuhura alisema.

Nilitapika miguuni pake. Akainama, akayamwagia majivu matapishi yangu.

Kesho yake shuleni wakaniuliza maji yale yalikuwaje. Nilipenda kusikilizwa, nikasema yalikuwa na damu. Ni kweli yalikuwa nayo, ila sikusema ni ya pua yangu. Maneno yakafika sokoni kabla sijafika nyumbani. Maandazi yakaanza kulala. Mwezi haukuisha, Mama Zuhura akafunga mlango, akaenda Majimoto kwa binti yake, na hakurudi tena.

Bibi nimeshamsamehe kile kidole, aliogopa nisife. Mimi sikuogopa chochote. Ulimi wangu ndio unaonitia kinyaa kuliko ule ukuta.

Mwaka huu nimepita pale. Siku hizi wanauza simu, na bundi wamempaka rangi ya bluu. Mama mmoja alipita na mwanawe, wakatema wote wawili. Nikataka kuwakemea. Lakini mate yalikuwa yamenijaa mdomoni, tayari, na ilinibidi kwanza niyameze.