Mate ya Msemaji wa Ukoo

Ikupa hakuomba kuwa mratibu. Alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti katika kituo kimoja cha afya pale Tunduma, Mmoraviani wa darasa la saba, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwaosha waliokufa na kuwafunika vizuri, kama vile wangeweza kusikia baridi.

Mwaka 2012 lori la mpunga kutoka Msangano lilipinduka likawaka moto kwenye barabara ya Sumbawanga. Waliokuwa juu ya magunia waliruka na kukimbilia kila upande. Bibi mmoja na watoto wawili hawakuwahi. Watoto hao moto haukuwaachia sura ya kutambua, basi daktari akahifadhi kipande cha mfupa wa kila mmoja, nao wakazikwa Tunduma chini ya vibao vilivyoandikwa Namba Moja na Namba Mbili.

Ndipo kule Vwawa ikaundwa Kamati ya Utambuzi. Watu saba, mwenyekiti wao Bwana Severini, mtu mwenye tai nzuri na sauti ya kusomea risala. Kikao cha kwanza kilijadili jina la kamati. Cha pili kilijadili muhuri. Cha tatu kilijadili nani apeleke mifupa ile maabara ya Dar es Salaam ili vinasaba vyake vilinganishwe na vya wazazi, na hapo wajumbe wote wakakumbuka kuwa wana wagonjwa nyumbani.

"Ikupa amezoea mambo haya," akasema Severini. "Tumpe uratibu."

Wakapiga makofi. Cheo kikaja na faili moja la kijani, bila hata baiskeli.

Faili lenyewe lilikuwa na fomu, na fomu ilitaka jina la marehemu. Ikupa akamweleza karani wa masjala kwamba jina ndilo linalotafutwa.

"Bila jina faili haliendi, mama," akajibu karani, wala hakuinua macho.

Ikupa akaandika kwenye fomu zote mbili: Mtoto Asiyejulikana. Karani akazisoma, akaguna kwa huruma. "Kumbe ni ndugu! Pole sana. Wote wa mzee Asiyejulikana." Akagonga muhuri. Ikupa alimshukuru Mungu kwa muhuri ule, na kwa karani akaomba msamaha wa kimyakimya, maana alikuwa amemcheka moyoni.

Familia moja tu ndiyo ilijitokeza, ya kijiji cha Hasamba. Bibi yao alikufa kwenye lori lile, naye alitambuliwa kwa bangili. Alikuwa anarudi kutoka mavunoni na mjukuu wake, Venance, mwenye miaka sita. Bibi akazikwa kwao, lakini matanga hayakuanuliwa, maana mtoto hakuwa na kaburi wanalolijua. Ferista, mama yake Venance, aliendelea kulala chini kwenye mkeka miezi minne, jembe lake likipata kutu.

Kamati ikaiandikia familia ilete mtu wa kutoa mate ya kupimwa vinasaba. Na ukoo ukafanya kile ambacho ukoo wowote wa Mbozi ungefanya serikali ikiita: ukamtuma msemaji. Mzee Osward alifika Tunduma na koti la msibani na karatasi mbili za hotuba. Ndiye aliyesema kwenye mahari, ndiye aliyesema kwenye misiba, na mkuu wa wilaya alipopita Hasamba, ndiye aliyesema hadi mkuu akasinzia.

"Familia imenikabidhi jambo hili," akatangaza, akafungua kinywa.

Severini aliridhika sana kuona familia yenye utaratibu. Ikupa naye, tangu utoto wake hajaona msiba ambapo mfiwa alijisemea mwenyewe. Akachukua kijiti chenye pamba, akakipitisha ndani ya shavu la mzee, akakifunga, akakiombea safari njema. Hakuona kosa lolote.

Maabara ilijibu baada ya wiki tisa: mtoa sampuli hana uhusiano wa damu na mtoto yeyote kati ya hao wawili. Kamati ikakaa, ikanywa maji ya chupa, ikatoa tamko. Kwa kuwa sayansi haidanganyi, mtoto wa Hasamba hayumo makaburini. Familia inashauriwa kumtafuta ng'ambo ya mpaka, Nakonde na kuendelea.

Barua ikapewa mratibu aipeleke.

Ukoo ulikusanyika uani kwa Ferista. Mzee Osward aliisoma barua kwa madoido, na kabla hajafika kwenye nakala kwa wahusika, Ferista alikuwa amesimama.

"Yuko hai! Venance yuko hai!" Akaingia ndani, akatoka na kikapu, akaanza kutupia nguo ndogo ndogo. "Nani anajua gari la Nakonde linaondoka saa ngapi?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Ikupa alitaka kuwaunga mkono, lakini macho yake yalikuwa kwa mzee, aliyekuwa akifuta miwani kama aliyemfufua mtoto yeye mwenyewe.

"Mzee wangu," akauliza polepole, "wewe na huyu mtoto mnahusianaje?"

"Mimi? Nimeoa hapa. Mke wangu ni mtoto wa shangazi yao. Mimi kwetu Rungwe."

"Kwa hiyo damu..."

"Damu yangu ni ya Rungwe, mama, safi kabisa! Hapa nasema tu."

Vigelegele vikafia mdomoni. Ferista akabaki ameshika kaptura ya mtoto.

"Mama Venance," Ikupa akasema, "maabara haikukosea. Nimekosea mimi. Nilichukua mate ya msemaji, yakasema ukweli wa msemaji. Nilipaswa kuchukua ya kwako."

"Hunichukui kitu." Ferista akaziba mdomo kwa kiganja, akawa anasemea ndani ya vidole. "Mdomo wangu ukifungwa, mwanangu yuko Nakonde. Nikiufungua mnamrudisha shimoni. Ondoka na pamba yako."

"Mwanangu, msikilize," akaanza Mzee Osward.

"Na wewe nyamaza, baba! Umeshasema vya kutosha mpaka Dar es Salaam!"

Ikupa hakutoa kijiti. Alikaa chini kwenye mkeka, kando ya kikapu. "Kila Jumamosi napalilia yale makaburi mawili," akasema. "Nikimaliza naomba. Nasema, Baba, huyu Namba Moja, na huyu Namba Mbili. Naona aibu. Mungu anajua majina yao, mimi ndiye nisiyemjua ninayemwombea. Ukienda Nakonde, nenda, nami nitakusindikiza. Lakini kama yupo pale kwangu, hana wa kumwita."

Kwa mkono mwingine Ferista alikunja ile kaptura, akaikunjua, akaikunja tena. Jua lilikuwa limehama ukuta mzima alipotoa kiganja mdomoni.

Kamati ilikataa sampuli yake. Severini aliuliza mwanamke huyu kateuliwa na kikao gani, na barua yake ya uteuzi iko wapi. Mzee Osward, aliyekuwa hali chakula vizuri tangu siku ile, aliandika barua ya kurasa tatu kuthibitisha kwamba ukoo umemruhusu Ferista kuwa mama wa mtoto wake. Ikapigwa muhuri.

Jibu la pili lilikuja Februari. Namba Mbili ni mwana wa Ferista. Kamati ikapanga hafla ya makabidhiano ya matokeo, ikawa inamtafuta mgeni rasmi. Ikupa alisoma jibu saa nne asubuhi, na saa nne na dakika tano alikuwa ameshapiga simu Hasamba. Kwa hilo alipewa onyo la maandishi, akaliweka ndani ya faili la kijani, nyuma ya karatasi za Namba Moja, ambaye bado hakuwa na mtu.

Familia ilifika Tunduma Jumamosi, na msalaba wenye jina. Ulipokwisha kusimikwa, Mzee Osward alisogea mbele kwa mazoea, akakohoa, akatoa karatasi mfukoni.

Ferista akamshika mkono wa koti. "Baba, hapa nitasema mwenyewe."

Mzee akarudi nyuma, akavua kofia. Ferista akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye udongo.

"Venance," akasema. "Ni mimi."

Siku iliyofuata, Hasamba, matanga yakaanuliwa.