Daftari la Sekunde

Dukani kwa fundi saa kulikuwa na saa hamsini na tatu, na hata moja haikuwa na haraka kama yule mtoto wa mbwa. Ndiyo maana fundi akamwita Sekunde. Mbwa huyo aliletwa na binti wa fundi, muuguzi. "Akuchangamshe, baba. Tangu mama afariki unaongea na saa tu."

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba kama korido: meza, taa ya shingo ndefu, na droo zilizojaa skrubu ndogo kama punje za sukari. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alikaa mshonaji wa sare za shule, na hapo ndipo taabu ilipoanzia, maana Sekunde alilia kutwa kama bawaba isiyotiwa mafuta.

"Fundi," mshonaji alisema kupitia ukutani, "nimeshonea mkono wa shati kwenye kaptula kwa sababu ya huyo bwana mdogo."

"Atazoea, jirani."

"Azoee upesi, maana mimi nimeshindwa."

Binti akakata shauri: Jumamosi atakuja kumchukua, ampeleke kwa mfanyakazi mwenzake mwenye uwanja mkubwa. Fundi akaitikia, "Sawa, mwanangu," lakini ni mdomo tu uliosema. Alishazoea kusalimiwa na mkia kila asubuhi.

Akaanza kuhangaika. Alimwongezea chakula, Sekunde akakitapika. Akamtandikia blanketi laini, likachanwachanwa. Akamfungia saa ya mezani kwenye kitambaa ili mdundo wake umtulize. Kengele ikalia, Sekunde akakojolea kiatu cha mteja.

Basi fundi akarudi kwenye kazi anayoijua. Saa ikigoma huigongi, unaichunguza. Alichukua daftari lake la kuandikia ubovu, akafungua ukurasa mpya: "Saa tatu na dakika kumi, analia. Saa nne kasorobo, ametulia. Saa nne na nusu, analia."

Jumatano jioni aliusoma ukurasa ule, akasita. Kila kilio kilianza pale alipoanza kutengeneza saa. Akachukua ile lenzi yake ya kubana jichoni, akaivaa. Sekunde akalia. Akaivua. Mkia ukacheza.

Fundi akacheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka. Marehemu mkewe alikuwa akimwambia, "Ukivaa hicho kioo, mimi nimeolewa na mgongo." Kweli, fundi akivaa lenzi aliinama saa nzima bila neno, na kiumbe wa miezi miwili na nusu angejuaje kama atarudi?

Toka Alhamisi, kabla ya kugusa saa yoyote, walitoka kwanza kutembea. Fundi, aliyezoea kutembea macho kwenye saa ya mkono wake wa kushoto, sasa alisimama dakika saba mbele ya tairi bovu, akingoja pua ya Sekunde imalize habari zake. Wakirudi, alimpa taulo kuukuu lenye mafundo alitafune, maana meno yalikuwa yanamwota. Akavuta sanduku alilolalia Sekunde hadi chini ya meza, akavaa lenzi, na safari hii akaongea.

"Sasa natoa mshale wa dakika, Sekunde. Taratibu. Mwenye saa hii aliogelea nayo, halafu anasema imesimama yenyewe."

Jumamosi ukuta ukauliza, "Fundi, mbona kimya tangu jana? Usiniambie wameshamchukua. Nilikuwa nimemwekea vitambaa vya kuchezea."

Kabla hajajibu, binti aliingia na kamba mkononi. Baba yake hakuinuka kumpokea, jambo ambalo si kawaida yake. Binti akainama kuchungulia chini ya meza. Sekunde alikuwa nje ya sanduku, amelala chali juu ya miguu ya mzee, anakoroma.

"Miguu yote imekufa ganzi," baba alinong'ona, lenzi bado jichoni.

"Amelala tangu saa ngapi?"

"Sijaangalia saa."

Binti akamtazama baba yake, akazitazama saa hamsini na tatu za dukani, akaitundika kamba kwenye msumari wa mlangoni.

"Basi mtaitumia kwenye matembezi," akasema, akavuta kigoda.