Kwa MaDlodlo Hakuna Panya

Mtaa mzima wa Luveve ulijua kwamba sakafu ya MaDlodlo haikanyagwi kwa viatu. Kila Ijumaa alipiga magoti na kopo la polishi nyekundu, akasugua kuanzia veranda mpaka stoo, na mumewe, Baba Mafu, mstaafu wa reli, akashinda nje kwenye kiti akingoja pakauke. Kina mama wa kanisa walimtuma kukagua nyumba za maharusi. Aliingia akisalimia kwa upole, kumbe kidole kimeshapita juu ya kabati.

Hata MaNyathi, jirani yake wa ukuta mmoja, hakusalimika. Mwaka juzi MaDlodlo aliona kinyesi cha panya kando ya bakuli la sukari la MaNyathi, akakitangaza kwenye mkutano wa kina mama wa Alhamisi. "Kwangu panya hafiki hata kwa kupotea njia," alisema. "Nina Nkosazana."

Nkosazana alikuwa paka wake wa kijivu, mwenye miaka tisa na vizazi ambavyo hakuna aliyevihesabu. Mwezi wa Mei MaDlodlo alimpapasa tumboni, mkono ukakwama. Palikuwa na vinundu viwili kando ya chuchu, kimoja kama harage, kingine kimeshafikia ukubwa wa yai la njiwa. Kuanzia siku hiyo alisugua sakafu bila kuimba.

Ndipo akatokea Dokta Hlabangana, kijana daktari wa wanyama, akipita mitaani kutafuta mbwa na paka wenye uvimbe wa matiti kwa ajili ya utafiti. Alimshika Nkosazana, akasema uvimbe huo bado unakatika ila usingoje miezi, na kwamba waliomo kwenye utafiti anawapasua bure. Akatoa fomu.

"Mama, humu ndani mna panya?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Mwanangu, panya atatembeaje kwenye sakafu hii? Atateleza avunjike shingo."

Daktari akakuna kichwa. "Shida ni kwamba nawahitaji. Kuna kirusi kinachowapa panya wadogo uvimbe wa matiti, panya jike humwambukiza mwanawe kwa maziwa. Wapo wanaodhani huenda kirusi cha namna hiyo kinahusika na mbwa na paka pia. Huenda tu. Wengine wametafuta wakaona dalili zake, wengine hawakuona kitu. Kwa hiyo nachukua uvimbe wa paka pamoja na panya wawili wa nyumba anayoishi. Bila panya siwezi kumwandika."

"Na sisi?" aliuliza Baba Mafu kutoka nje. "Huyo paka hulala miguuni pangu."

"Hakuna ushahidi kwamba anaweza kukuambukiza, baba. Lala naye."

Alipoondoka, akiahidi kurudi Jumamosi, Baba Mafu alichungulia mlangoni. "Si umwambie tu? Gunia la viwavi vikavu vya kula kule stoo alilitoboa nani, mimi?"

"Huyo alikuwa mgeni."

"Mgeni wa tangu Krismasi."

Usiku huo Nkosazana hakumaliza chakula, na kesho yake MaDlodlo alifunga kitambaa kichwani, akambeba paka, akagonga kwa MaNyathi.

"MaNyathi wangu, mchukue huyu. Jumamosi daktari akija, mwambie ni wako, kwangu huja kutembea tu."

"Kwa nini asiwe wako?"

"Anatakiwa paka wa nyumba yenye panya."

MaNyathi aliketi kabisa ili alifurahie jambo hilo vizuri. "Kwa hiyo umekuja kuazima panya wangu. Wale wa sukari."

"Ndiyo."

"Sema tena, sikio hili halisikii vizuri."

MaDlodlo akasema tena. MaNyathi akampokea Nkosazana, akatega mtego.

Jumamosi daktari alielekezwa mlango wa pili, akakaribishwa kwa MaNyathi, kwenye sakafu ya saruji tupu iliyofagiliwa. MaDlodlo naye alikuwepo, eti amekuja kuomba chumvi. Daktari akainua panya wa kwanza kwa mkia, akamgeuza. Akainua wa pili. Wote wawili walikuwa na nyayo nyekundu.

"Mama, wewe unapaka polishi?"

"Mimi? Goti langu haliruhusu," alisema MaNyathi. "Hao hupita kwenye tundu la ukuta wetu. Kula wanakula kwingine, kwangu wanakuja kulala. Nimewaona hivyo miaka mitatu."

"Miaka mitatu?" MaDlodlo alishtuka. "Na hukusema?"

"Nani angenisikia? Mimi ni wa kinyesi."

Daktari alishusha kalamu. "Nikiandika nyumba isiyo yake, nitakuwa nimedanganya utafiti mzima. Afadhali nimwache. Paka huyu anaishi wapi?"

Kapuni Nkosazana alikuwa akijilamba pale pale kwenye uvimbe. MaDlodlo alimtazama, akaiweka chumvi ya watu mezani.

"Andika kwangu," alisema. "Na panya, andika wapo." Akafikiri kidogo. "Andika pia kwamba walipita polishi ikiwa haijakauka."

Nkosazana alipasuliwa Jumatatu, akarudi na nyuzi kumi na moja na hasira. Majibu ya kirusi bado. Daktari anasema huenda yakachukua mwaka, na huenda yasiseme lolote. Alhamisi MaDlodlo alieleza mwenyewe habari yote ya panya mbele ya kina mama, kabla MaNyathi hajavuta pumzi.

Bado anasugua kila Ijumaa. Akimaliza, sauti ya MaNyathi hupita ukutani:

"MaDlodlo, wako wawili wamefika. Mmoja nyayo zimepauka. Leo umeruka stoo?"

Naye huchukua kopo, akarudi stoo.