Kichujio Kinachongoja Mkasi

Jumanne nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya maji, nyuma ya mama aliyebeba chupa ya maji ya kisima cha kijiji chao. Maji yenyewe yalikuwa safi kwa macho, lakini yalipopimwa yalikutwa na aseniki, sumu isiyo na rangi wala ladha. Kichujio cha kuiondoa kimeshajengwa pale kisimani. Kimefungwa kufuli na kuzungushiwa utepe mwekundu.

"Tunangoja mheshimiwa akuje kufungua rasmi," karani alisema, macho kwenye simu. "Kwa sasa si mchemshe tu?"

"Ati tuchemshe? Si ni nyinyi mlituambia hii sumu haitoki hata ukichemsha?"

"Basi vumilieni kidogo, mama. Ratiba ya mheshimiwa imejaa."

Mama akafungua chupa, akaisukuma polepole hadi mbele ya karani. "Sawa, mtoto wangu. Vumilia na sisi. Kunywa."

Karani alirudisha kiti nyuma kana kwamba amewekewa nyoka mezani.

Na akina mama wa kijiji hicho, haohao wanaokunywa sumu, wameshaambiwa wafanye mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha mgeni!

Mheshimiwa, ukisoma haya, usijisumbue kuja. Tuma mkasi kwa bodaboda. Mikono ya kukata utepe tunayo.