Fundi Aliyenishushia Tangawizi

Habari ilinikuta Same mjini, nikichagua perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu kando ya barabara kuu. Muuza samaki alikuwa ananifungia kwenye gazeti ndipo akaniambia, kama mtu anayetaja bei, "Yule mzee wako wa usukani hatunaye. Tangu jana asubuhi. Wanampeleka kwao Suji." Nikabaki nimeshika samaki. Wasomaji wa safu hii mnajua nimetangatanga nchi hii nusu ya umri wangu, na kila mji nina fundi ninayemdharau kidogo. Huyu sikuwahi kumdharau, ingawa alinisema kuliko wengine wote.

Miaka michache iliyopita nilinunua gari la milango miwili, la aina ile iliyokuwa ikipita kwenye mbio za magari enzi za utoto wetu, nasi tukitoroka shule ili tukalishwe vumbi lake. Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa usukani: nikikata kona, gari lilifikiri kwanza, halafu likakubali. Siku moja mimi na mama watoto tukishuka kutoka kijiji cha Mamba, huko milimani, halikukubali kabisa. Barabara ilikwenda kushoto, sisi tukanyoosha hadi kwenye ukingo wa udongo, kwa bahati upande wa mlima. Mama watoto alishuka, akajipangusa, akasema, "Likae sawa au liuzwe chuma chakavu. Mpaka Pasaka." Nilijua hatanii.

Nikalipeleka kwa mzee nikiwa na dawa yangu mkononi, usukani mdogo wa ngozi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Hiyo sufuria ya nini?" Nikamweleza ni usukani wa mbio. "Itupe nyuma huko. Twende." Hakufungua boneti. Alikaa kando yangu, akafumba macho, tukaingia barabara ya vumbi. "Umekanyaga nini?" "Jiwe." "Gurudumu gani?" "Sijui, mzee." "Mimi nimelisikia kwa makalio, wewe mwenye usukani hujui!" Hivyo ndivyo alivyopima kila gari. Dereva alitakiwa kutaja kila jiwe na gurudumu lililolipanda. Akishindwa, ama gari halisemi ama dereva hasikii.

Alibadilisha viungo vya mbele vilivyolegea na bushi zilizokwisha, akanyoosha magurudumu. Nikapata nafuu, sikupona. Ndipo alipoinama nyuma, akafungua buti na kuibuka na kipande cha tangawizi kilichonyauka. "Unabeba magunia mangapi?" Nikakiri: mawili, msimu ukichanganya matatu. Huku kwetu kushuka mlimani na gari tupu ni utovu wa adabu, na shangazi yangu wa Mamba ni mkulima hodari wa tangawizi. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Springi zimelala, mwandishi. Mkia unakaa, pua inainuka, matairi ya mbele yanagusa barabara kama mtu anayegusa chungu cha moto. Usukani utakwambia nini?" Alizinyoosha springi, kisha akasema lililobaki halina spana. Lazima nikamwambie shangazi hapana.

Nilimwomba tuende wote. Shangazi alitupokea na magunia mawili yaliyokwisha kushonwa. Nikaanza kujikanyaga. "Gari gani lisilobeba?" akauliza. "Punda wangu alibeba na hakuwa hata na honi." Mzee akamjibu taratibu, "Dada, punda ulimpakia mgongoni. Huyu mwanao analipakia gari mkiani." Shangazi akapunguza dai, jambo nisilokumbuka kuliona kabla. "Basi hata moja?" Mzee akalitazama gunia, akanitazama mimi niliyetakiwa kusema hapana, kisha akaliinua gunia moja, akalikalisha kwenye kiti chake cha mbele na kulifunga mkanda. La pili likangoja lori la kikundi cha wakulima. Yeye mwenyewe, na umri ule, akapanda bodaboda.

Nilishuka peke yangu na tangawizi. Kona ya kwanza, viganja vyangu vikasikia changarawe upande wa kulia. Kona iliyofuata nikajua tope linaanza kabla sijaliona. Pale tulipokwama na mama watoto, gari lilikwenda kushoto nilipotaka, bila kufikiri. Nilipiga kelele kama mtoto. Mzee alinikuta chini, kofia imejaa vumbi. "Mawe mangapi?" Nikasema mengi mno, sikuweza kuyahesabu. "Vizuri," akasema. "Basi Pasaka itakuwa ya raha." Na ikawa: mama watoto alipanda gari.

Siku hizi vijana wetu wakiona usukani hausemi, wanaongeza: gurudumu pana, usukani mdogo, pampu ya kuulainisha mpaka uzunguke kwa kidole. Siwacheki. Na ofisi zetu hufanya vivyo hivyo, jambo likiyumba tunaunda kamati juu ya kamati. Nami nilikwenda kwa mzee na sufuria yangu.

Pale msibani Suji, bwana mmoja alilizunguka gari langu, akafungua boneti, akauliza nimeongeza nini hata likawa na sifa hivi. Alikuwa tayari kulinunua. Nilimwambia haliuzwi, na kwamba hakuna kilichoongezwa. Hakuniamini, kwa sababu kazi ile haina mahali pa kuonyesha kwa kidole. Mtu anaweza kufanya kazi nzuri maisha yake yote isionekane, ikakaa tu viganjani mwa wengine wanaofika nyumbani salama. Nami, kila ninapotaka kuongeza kitu maishani, najilazimisha kwanza nipakue.