Kahawa Alizopewa Nesi

Mwaka niliomaliza darasa la saba, baba alilazwa kwenye hospitali moja ya Muleba kwa kidonda cha mguu. Kila siku mimi na mama tulimpelekea ndizi za kupika, zikiwa bado za moto ndani ya majani. Wakati huo nilikuwa na fomu ya kwenda Bukoba kusomea unesi. Mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa alikwisha kuigonga mhuri, ikabaki alama ya dole gumba la mzazi tu. Kwa furaha nilikata kofia ya nesi kwa karatasi ya daftari, nikawa najitazama kwenye maji ya ndoo.

Asubuhi moja nikaona siku imefika. Baba alimwita nesi wake, dada mwembamba aliyekuwa akimwosha kidonda na kumwaga choo chake, akamtilia kiganjani kahawa za kutafuna, zile anazopewa mgeni wa heshima akiingia nyumbani.

"Wakola waitu, asante sana! Huyu amenizaa mara ya pili. Hata mke wangu hanitunzi hivi."

"Basi akupikie na ndizi," mama akamjibu. Wodi nzima ikacheka.

Nesi akaenda kuchukua maji, nami nikatoa fomu.

"Tata, na mimi nataka kuwa kama yeye."

"Kama nani?"

"Kama nesi."

Uso wake uligeuka. "Mwanangu mimi? Ashike wanaume wa watu, abebe mikojo yao? Nani atakuja kukuposa?"

Mzee wa kitanda cha pili akadakia, "Hao hawaolewi, bwana. Wameshaona kila kitu."

Kahawa zenyewe dada wa watu alikuwa hajazitia hata mdomoni! Nilidhani mtu akisifu maji, ameisifu na chemchemi.

Kugeuka, nesi yuko mlangoni na beseni. Alikuwa amesikia yote. Akaja, akapiga magoti, akafungua bandeji kwa upole uleule wa jana. Hilo lilinishtua kuliko maneno ya baba.

Baba akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, baba yako alikubali?"

"Hapana, waitu. Amekufa hajanisemesha. Nyoosha mguu."

Mama aliinamia kapu lake kama aliyepoteza kitu. Nesi akapaka kidonda dawa ya zambarau, taratibu, mpaka akamaliza.

Halafu baba akachovya dole gumba kwenye kikopo cha ile dawa.

"Lete karatasi yako kabla halijakauka. Lakini kukusindikiza stendi, usinitegemee."

Nilimshikia fomu, akabonyeza, alama ikatoka mbilimbili. Nesi akaikausha kwa pamba, akatoa mfukoni kahawa moja, akaniwekea kiganjani. Nilienda nayo mdomoni njia nzima mpaka nyumbani. Ilikuwa chungu, na sikuitema.