Testa Haikuwaka

Asubuhi moja mashine ya kusokota nyuzi ilizimika ghafla, na fundi umeme wa zamu pale kiwandani Morogoro nilikuwa mimi. Nilichomeka testa, bisibisi yenye kitaa kinachowaka penye umeme, kwenye waya wa kwanza, kisha wa pili. Haikuwaka. Kwa kiherehere changu nikatamka mbele za watu, "Waya umekatwa!"

Miaka ile ya kuwasaka wahujumu uchumi, waya kukatwa haikuwa hitilafu, ilikuwa hujuma. Katibu wa tawi la chama pale kiwandani alitoa kalamu. "Zamu ya jana ilikuwa ya nani?"

Ilikuwa ya kaka mmoja wa Mlali, aliyenifundisha kazi. Gereza la Kingolwira halikuwa mbali, naye alikuwa amesimama kando yangu. Akaninong'oneza, "Mdogo wangu, testa umeijaribu kwenye taa?"

Sikuijaribu, mjinga mimi. Niliichomeka kwenye swichi ya taa iliyokuwa ikiwaka juu yetu. Kitaa cha testa hakikuwaka. Kilichokufa kilikuwa testa, si waya.

Katibu alikuwa ameshaanza kuandika. Nikikiri, nitaandikwa mimi. Nilinyamaza kwa pumzi tatu, ndipo nikasema ukweli.

Testa nyingine ilionyesha waya ni mzima, mota ndiyo iliyoungua, na hakuna aliyefungwa. Lakini kaka yule alizihesabu pumzi zile, maana hakuniita tena mdogo wangu.